Deni la kubomoa mtambo linaanza siku unaujenga

Juzi kijana mmoja wa Tukuyu kanitumia meseji: "Shikamoo dada, swali la kufunga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe limenishinda, gharama za kubomoa naziweka mwaka gani?" Aisee, swali hilo hilo ndo lilinifelisha CPA, mtihani wa kuwa mhasibu.

Kipindi kile mchana naandika vitabu vya duka la pembejeo Mwanjelwa, usiku nasoma nyumbani Uyole na blanketi mabegani, baridi ya Juni mnaijua wenyewe. Nilijiona nimeiva. Likaja swali, mtambo wa miaka 30, kuubomoa shilingi bilioni 1, nikaandika bila wasiwasi kwamba gharama itaingia mwaka wa 30 siku wanabomoa. Nilifeli. Mama nilimficha wiki nzima, na rafiki niliyekuwa nasoma naye yeye alifaulu akaanza kunipita bila salamu, mpaka leo inaniuma.

Sasa mdogo wangu, IAS 37, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu madeni ya mbeleni yasiyo na uhakika, inaangalia wajibu. Kama sheria au kibali kinakubana ubomoe, deni lipo tangu mtambo umejengwa. Unalileta kwenye thamani ya leo, yaani kiasi ambacho ukikiweka leo kikazaa riba kitafika ile bilioni, kwa hiyo bilioni 1 ya miaka 30 ijayo kwa riba ya 10% ni kama milioni 57.3, unaandika deni, halafu IAS 16, kanuni ya mali na mitambo, inataka hiyo hiyo uiongeze kwenye gharama ya mtambo ichakae nao. Mwaka wa kwanza deni linapanda kwa ile riba ya 10%, milioni 5.73, na hiyo inaenda gharama za fedha, sio uchakavu, hapo wengi wanaanguka. Riba ikishuka mpaka 8% deni linakuwa milioni 99 na ushee! Kwa hiyo bosi akikubembeleza uweke riba kubwa ujue anataka deni lionekane dogo, kataa, jina lako ndo liko kwenye hizo hesabu.

Halafu jivu, jamani, jivu. Wajibu wa kulisafisha unakua kadri mnavyochoma makaa, kwa hiyo kila mwaka mnaongeza. Kingston, Tennessee kule Marekani, Desemba 2008 ukuta wa bwawa la jivu ulipasuka likamwagika mpaka mtoni, kusafisha kukapita dola bilioni 1. Uingereza nao Ratcliffe-on-Soar, mtambo wao wa mwisho wa makaa, waliuzima Septemba 30, 2024, kuzima ni siku moja ila kubomoa ni miaka. Na sisi makaa tunayo, Kiwira, Ngaka, Mchuchuma, siku mitambo mikubwa ikijengwa huku watakaoshika vitabu ni nyie mnaosoma sasa hivi, msije mkawaachia wajukuu bwawa la jivu ambalo halikuandikwa popote.

Mimi niliporudia mtihani swali la namna hiyo lilikuja tena na nikalipasua lote, mama alichinja kuku.

Kijana nimemwambia airudie ile bilioni kwa riba ya 5%, akipata milioni 231 anitumie picha ya daftari.