Jibu: Wagonjwa wanne wananiita pamoja, nianze na yupi?

Pole na zamu, mdogo wangu. Umesema uko wodi ya upasuaji hapa Dar, usiku: mmoja dripu imeisha, mmoja analia kidonda, mmoja sukari imepanda hadi 14 (mmol/L), na yule aliyepasuliwa tumbo mchana halalamiki ila anageukageuka kitandani, mapigo 118, presha 110/70.

Anza na huyo wa mwisho. Presha isikudanganye; mtu mzima akivuja damu ndani, mapigo hupanda kwanza, presha hushuka baadaye. Hesabu pumzi dakika nzima, pima oksijeni, mshike mikono uone kama ni ya baridi, kisha pitisha mkono chini ya mgongo. Niliwahi kukuta bandeji kavu kabisa juu, shuka la chini limelowa damu. Tazama na mfuko wa mkojo: chini ya mililita 30 kwa saa, mpigie daktari umtajie namba zote, siyo "hali yake siyo nzuri". Bila kumwona siwezi kusema ni damu au maumivu tu, lakini tafadhali usisubiri uhakika.

Wa kidonda afuate. Dripu mwenzako ataifunga. Sukari 14, kama hatapiki wala hasinzii, inasubiri kidogo.