Injini inamisi baada ya kufunguliwa hedi

SWALI: Toyota IST yangu, injini 1NZ-FE, imebadilishwa gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda). Sasa inatetemeka, na mashine ya kupima hitilafu inasoma kodi P0302. Fundi anataka kufungua hedi tena. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, asiiguse bado! Kodi hiyo ya hitilafu inasema silinda ya 2 inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa; silinda huhesabiwa kutoka upande wa cheni. Ahamishie koili yake (inayoipa plagi umeme wa cheche) silinda ya 3, afute kodi, awashe. Ikija P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, ahamishe plagi, kisha akague soketi ya umeme ya nozeli (inayopulizia mafuta): pini ikipinda wakati wa kuunganisha, nozeli haifunguki.

Ndipo apime kompresheni (presha ndani ya kila silinda), injini ikiwa ya moto. Silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Zote zikiwa chini, akague kwanza taimingi ya cheni, yaani kama cheni imefungwa kwenye alama zake.