Mzee hakukata tamaa: kitenzi "relinquish" kwa wafasiri wanaoanza

Karibu kila kijana anayekuja kujifunza kazi ya kutafsiri kwenye meza yangu hapa Dodoma, nikimpa neno la Kiingereza "relinquish", hujibu "kukata tamaa". Simcheki. Jibu hilohilo liliwahi kuniaibisha mbele ya ukoo mzima na wakili wao.

Ilikuwa karatasi ya kurasa mbili tu. Familia ya wakulima wa zabibu upande wa Mpunguzi walikuwa wamemaliza maneno yao ya mirathi, na kaka mkubwa alikubali fungu lake la shamba liende kwa mdogo wake. Wakili aliandika kwa Kiingereza kwamba mzee huyo "relinquishes all claims" juu ya shamba. Nikatafsiri mbiombio, jioni, kamusi ikiwa kabatini: "amekata tamaa na madai yake yote." Siku ya kuweka dole gumba nikasoma kwa sauti. Mzee akainua mkono.

"Mwanangu, hapo umesema nini? Mimi sijakata tamaa. Nimemwachia mdogo wangu."

Watu wakacheka, mimi jasho likanitoka. Ukurasa ukachapwa upya kwa pesa yangu, na neno lililoingia ni lile lile alilolitamka mzee ambaye hakuwahi kusoma Kiingereza hata siku moja.

Kukata tamaa ni habari ya moyo. "Relinquish" ni habari ya mkono: ulikuwa umeshika kitu, iwe shamba, cheo, usukani au dai, halafu vidole vikafunguka. Mara nyingi kitenzi hiki kinaegemea upande wa hiari, ila hiari yenyewe huwa na kusitasita ndani yake, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hata aliyebanwa anaweza kutajwa nacho. Ukikuta "was forced to relinquish", andika "alilazimika kuachia" na uendelee na kazi. Mahali pekee ambapo "kukata tamaa" inakaa sawasawa ni pale kitu kinachoachwa chenyewe ni tumaini, maana Kiingereza hukubali kusema "relinquish hope".

Kwa hiyo kabla hujagusa kalamu uliza maswali mawili. Ameshika nini? Na anayepokea ni nani? La pili ndilo linalowaponza wengi. Kiingereza humtaja mpokeaji kwa kuongeza "to": "relinquished the farm to his brother". Sisi kazi hiyo tunaifanya ndani ya kitenzi. Aliacha shamba: amehama, pengine limeota magugu. Alimwachia mdogo wake shamba: sasa kuna mtu wa kulipalilia. Irabu moja tu, lakini ndiyo inayosema shamba lina mwenyewe. Ukiongeza tena unapata "achilia", nayo inafaa pale kinachoshikwa kimekazwa kweli: kamba, usukani, koo la mtu. Nimeona tafsiri zenye Kiswahili safi kabisa zikirudishwa kwa sababu ya "acha" iliyotakiwa kuwa "achia".

Asili ya neno inasaidia kidogo. Limetoka kwenye Kilatini "relinquere", kuacha nyuma, likapitia Kifaransa cha zamani. Ndugu yake ni "derelict", jengo au meli iliyotelekezwa. Undugu huo usikupeleke kuandika "kutelekeza", kwa maana kutelekeza kwetu kuna lawama. Ni neno la baba aliyekimbia watoto. Mzee wangu wa zabibu angeinua mikono yote miwili.

Kwenye vyeo Kiswahili kimetushibisha. Kujiuzulu ni neno la barua rasmi. Kuachia ngazi ni la vichwa vya habari, usiliingize kwenye hati. Kung'atuka, neno lenye asili ya Kizanaki lililoenezwa na Mwalimu Nyerere, ni la anayeondoka kwa heshima wakati bado angeweza kukaa. Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990. Hapo utaona kwa nini "relinquish" haisimami peke yake bila kutaja kitu: aliachia kimoja, kingine akabaki nacho. "Give up" inaweza kusimama peke yake, "I give up", yaani nimeshindwa, nimenyoosha mikono. "I relinquish" na nukta hapo hapo itamfanya msomaji asubiri: umeachia nini?

"Surrender" ina mtego wake. Vitani ni kusalimu amri. Lakini kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 ni kurudisha serikalini haki ya kumiliki, na hakuna aliyeshindwa vita. Hapo mimi huandika "kusalimisha". Kumbuka pia kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu anachoachia ni haki yake juu ya kiwanja, si udongo. Mfasiri anayeandika "ameachia ardhi yake" ameshatoa ahadi ambayo Kiingereza hakikuitoa.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, karatasi za namna hii zimekuwa nyingi mezani kwangu, na wanaozisoma si mawakili peke yao. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kupiga muhuri, namsomea tafsiri mtu asiyejua Kiingereza kisha namwomba anieleze kwa maneno yake nani kampa nani nini. Fundi cherehani wa jirani yangu ameshaniokoa mara kadhaa. Malipo yake ni chai na chapati.

Neno linalonisumbua mpaka leo ni "waive", yaani kuacha kudai kitu unachostahili. Ikiwa ni ada ya kulipwa naandika "kusamehe", ikiwa ni haki naandika "kutodai", na kila mara nabaki nikilitazama hilo la pili kama nguo iliyokatwa na fundi mwingine.