Kabla Hujaandika "Ni Mwenzetu": Kueleza Asili ya Mtu Maarufu Bila Kumpunja

Kila ifikapo Septemba 5, siku aliyozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, simu yangu hujaa picha zake, na kila picha inakuja na maelezo yake. Huyu kaandika "Mtanzania aliyeitikisa dunia". Yule kaandika "Mhindi wa Unguja". Mwingine anasema Mwajemi, mwingine Mwarabu aliyekimbia Mapinduzi, na wapo wanaomaliza shughuli kwa kusema Mwingereza, basi. Ubishi unaofuata naujua mwanzo hadi mwisho, na kusema kweli karibu wote wanaobishana wameshika kipande cha ukweli, isipokuwa huyo wa Mwarabu.

Mimi naishi kwa kuandika wasifu wa watu: wanamuziki, wanariadha, waandishi, mara mojamoja mwanasiasa. Ukurasa mmoja wa gazeti, dakika chache za redio. Sentensi inayoonekana rahisi kuliko zote, ile ya juu kabisa inayosema mtu ni nani na katoka wapi, ndiyo inayonila muda mwingi. Anayeanza kazi hii akiniomba ushauri, humwambia aliache kwanza jina kubwa la kundi, aandike mambo madogo yanayothibitika. Kazaliwa wapi, mwaka gani, na mahali hapo wakati huo palikuwa chini ya nani. Wazazi wametoka wapi. Nyumbani walikuwa dini gani, kama dini inahusika na habari yenyewe. Ana uraia wa wapi. Na mwenyewe anajiitaje. Hayo ni maswali tofauti yenye majibu tofauti, na fujo yote huanza pale mtu anapoyakoroga akatoa jibu moja.

Tumchukue huyohuyo Freddie. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Zanzibar ya mwaka huo ilikuwa nchi ya sultani iliyo chini ya himaya ya Waingereza, hali iliyoanza mwaka 1890. Tanzania haikuwapo, Muungano ulikuja Aprili 26, 1964. Kwa hiyo "alizaliwa Tanzania" si sahihi, hata kama kisiwa ni kilekile na vichochoro vya Mji Mkongwe ni vilevile. "Alizaliwa Zanzibar" inatosha, na hakuna wa kukubishia.

Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Yeye na mkewe, Jer, walikuwa Parsi kutoka Gujarat, magharibi ya India. Parsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao waliondoka Uajemi na kuhamia India zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Sasa pima. "Mwajemi" ina mzizi wa kweli, lakini ni mzizi wa mbali mno kuuweka kwenye sentensi ya kwanza kuhusu mtoto wa karani wa Unguja. "Mhindi" si uongo, ila pale visiwani neno hilo limebeba Bohora, Ismailia, Banyani, Wagoa na Parsi, kila jamii na mahali pake pa ibada na pa kuzikia. Msomaji akiona "Mhindi" atajijazia mwenyewe kwamba jamaa alikuwa Hindu au Mwislamu, na hapo umempotosha bila kuandika uongo wowote. Nusu mstari tu wa kueleza Parsi ni akina nani unalimaliza tatizo.

Mimi ningemwandika hivi: "Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Parsi iliyotoka Gujarat, India. Alisoma shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Feltham, magharibi ya London." Hakuna jina la kundi linalogombaniwa hapo, na Mzanzibari, Mhindi na Mwingereza kila mmoja atajiona amepewa haki yake. Kama una nafasi ndogo kuliko hiyo, kata Panchgani. Usikate Zanzibar ukabakiza "mwenye asili ya Asia", maana hapo umeondoa jambo mahsusi ukaacha bara zima.

Yapo pia ya moyoni, na hapa wengi huteleza. Freddie hakuwa akizungumza sana kuhusu Zanzibar kwenye mahojiano, na nimesoma makala nyingi zinazosema "aliona haya na asili yake". Nani kamwambia mwandishi? Tunachokijua ni kwamba jina la Freddie alilipata akiwa shuleni India, jina la Mercury alijichagulia mwenyewe karibu na mwaka 1970, na alipofariki mwaka 1991 mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya wazazi wake. Hayo unaweza kuyaandika yakiwa yamefuatana hivyo hivyo. Msomaji ana akili, ataamua mwenyewe kama huyo ni mtu aliyekana kwao au mtu asiyependa tu kuulizwa ulizwa.

Na sisi wenyewe hatuna msimamo. Mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipangwa kufanyika Unguja, kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kikapinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi, sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 nyumba ya makumbusho yake ikafunguliwa Mji Mkongwe, na wageni wanalipa kiingilio. Mtu ni wetu pale inapotufaa. Ukimwandika mtu maarufu, jiulize kama unaeleza asili yake au unamgombania.

Abdulrazak Gurnah aliyapata hayohayo Oktoba 2021, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku mbili tatu mitandao ya Tanzania haikuzungumza kitu kingine: ni Mtanzania au si Mtanzania? Kazaliwa Zanzibar mwaka 1948, nyumba yenye asili ya Kiarabu ya Yemen, akaondoka akiwa na miaka 18 baada ya Mapinduzi, akawa raia wa Uingereza na kufundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu. Sheria ya Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo upande wa karatasi jibu linajulikana. Lakini Kiswahili ndiyo lugha aliyokulia, na Zanzibar imo ndani ya riwaya zake kila upande. "Mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, raia wa Uingereza" ni maneno saba tu, na yanasema zaidi ya kurasa nzima za ubishi ule. Mwigizaji Lupita Nyong'o ni rahisi zaidi: wazazi Wakenya, Waluo, kazaliwa Mexico City mwaka 1983 baba akiwa mhadhiri huko, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Yeye mwenyewe anakubali kuitwa Mkenya na Mmeksiko kwa pamoja. Mwandike hivyo, mambo yaishe.

Suala la kabila linataka uangalifu wake. Nina wahariri wawili, mmoja Nairobi, mwingine Dar es Salaam. Wa Nairobi nikimpelekea wasifu wa mwanariadha usio na kabila, atauliza. Wa Dar nikiweka kabila, atalipiga mstari na kuandika pembeni, "Linahusu nini?" Siwalaumu. Sensa ya Kenya bado inauliza kabila, hata ile ya 2019 iliuliza. Tanzania iliacha baada ya sensa ya 1967. Kila mmoja kakulia kwenye desturi yake.

Kipimo changu ni kuitoa ile sentensi ya kabila na kuisoma habari upya. Nikiandika kuhusu Eliud Kipchoge na mbio zake za marathoni za Vienna za Oktoba 2019, zile za 1:59:40, kabila halichangii chochote. Nikiandika kwa nini nyanda za juu za Bonde la Ufa zimetoa wakimbiaji wengi hivi, basi Kapsisiywa alikozaliwa inahusika, na Unandi unahusika. Hata hapo naandika Nandi kabla ya Kalenjin, kwa sababu Kalenjin ni jina la mwavuli lililoenea miaka ya 1940 likiwajumuisha Nandi, Kipsigis, Tugen, Keiyo, Marakwet na wengine. Ukilijua la karibu, la mbali la nini?

Kipimo cha pili ni cha haki. Angalia kama unalitaja kabila, au nchi ya wazazi, kwenye habari mbaya peke yake. Nimeona mtu akishinda medali anaandikwa kwa jina la taifa, akishikwa kwa kosa anaandikwa kwa kabila, tena mwandishi ni yuleyule. Pitia makala zako za zamani uone.

Kama mhusika yu hai na unaweza kumpata, muulize. Si lazima swali liwe la mzunguko. Mimi huuliza tu, "Nikuandike wa wapi?" Nilimuuliza hivyo binti mmoja mwimbaji wa taarabu, mama Mpemba, baba mtu wa Kigoma, kalelewa na bibi yake Tanga. Nilikuwa nimeshajitayarishia sentensi ndefu yenye pande zote mbili. Akacheka. "Kaka, andika mtoto wa Tanga. Pemba nimekwenda kuzika tu." Nikaandika mtoto wa Tanga, na ya wazazi nikayaweka chini, kwenye aya ya utoto wake, yanakostahili.

Watu wawili wenye asili inayofanana kidogo wanaweza kujibu tofauti kabisa, na wewe huna la kuwasahihisha. Barack Obama, baba Mluo wa Kogelo, mama Mmarekani mweupe wa Kansas, alipojaza fomu ya sensa mwaka 2010 aliweka alama kwenye kisanduku kimoja tu, cha Mmarekani mweusi, ingawa fomu iliruhusu zaidi ya kimoja. Mcheza gofu Tiger Woods, mama yake Mthai, mwaka 1997 alisema hapendi kuitwa mweusi peke yake, akataja neno alilojitungia utotoni la kuunganisha pande zake zote. Andika walichosema, na mwaka waliosema. Zile hesabu za "robo hivi, nusu vile" waachie wafuga mbwa. Na "chotara" sijawahi kuona sentensi ambayo ilikuwa inalihitaji.

Umri nao usiuchukulie poa. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, kila chombo kilikuwa na hesabu yake, kuanzia miaka tisini na kitu hadi mia na kitu. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia. Watu wakarukia kuandika mwaka 1910 kana kwamba cheti kipo mezani. Lakini rupia ilitumika Zanzibar hadi mwisho wa 1935, shilingi ikaanza Januari 1936. Kauli ile inakupa ukomo wa mwisho, haikupi mwaka. "Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, mwenyewe alihesabu kwa enzi za rupia" ni sahihi zaidi, na mimi naona ni tamu zaidi kusoma kuliko tarakimu ya kubuni.

Kuhusu ugonjwa, ndoa, watoto na mapenzi: alichotangaza mwenyewe ndicho chako. Freddie alitoa taarifa kuhusu UKIMWI Novemba 23, 1991, akafariki kesho yake. Kabla ya tarehe hiyo magazeti ya London yalikuwa yamepiga kambi nje ya nyumba yake, na kubahatisha kwao hakukuwa uandishi hata kama baadaye kulionekana kuwa kweli. Kenya sasa afya, asili ya kabila, hata majina ya watoto yametajwa kama taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtoto wa msanii hakuomba umaarufu. Jina lake na shule anayosoma havina kazi kwenye makala yako.

La mwisho ni vyanzo. Tovuti za umbea hunakiliana, kwa hiyo kurasa kumi zinazosema jambo moja huenda ni ukurasa mmoja. Tafuta mahojiano ambamo mhusika kasema kwa mdomo wake, na uweke tarehe. Hata hivyo ukweli unaweza kubadilika mikononi mwako. Kwa miaka mingi wasifu wa Mo Farah, mkimbiaji wa Uingereza, ulisema kazaliwa Mogadishu na kuletwa Uingereza utotoni kuungana na baba yake. Ndiyo maelezo yaliyotolewa, na walioyaandika hawakuwa wazembe. Julai 2022 akaeleza mwenyewe kwenye televisheni kwamba alizaliwa Somaliland kwa jina la Hussein Abdi Kahin, baba yake aliuawa yeye akiwa na miaka minne, na mwanamke asiyemjua alimpitisha Uingereza akiwa na miaka tisa kwa jina la mtoto mwingine. Siku ile nilifungua faili zangu zote zilizomtaja na kurekebisha mahali pa kuzaliwa na habari ya baba. Jina la juu sikuligusa. Alisema ataendelea kuitwa Mo Farah.