Maswali na Majibu: Mgebuka Anayeivuta Meli

Wasomaji kadhaa wa Kigoma wametuandikia kuhusu kuunganisha picha mbili ziwe moja ya kuchekesha. Tumechagua maswali matano.

Swali: Nilimpiga picha mgebuka pale Kibirizi saa sita mchana, nikamweka kwenye picha ya meli ya Liemba niliyoipiga bandarini jioni, ili aonekane akiivuta. Rafiki zangu hawakucheka. Walisema tu kwamba nimebandika samaki. Nimekosea wapi? (Msomaji, Ujiji)

Jibu: Wazo lako halina ubaya. Jua la Kigoma huzama upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo meli yako imeangazwa kutoka ubavuni na rangi zake zimeelekea kwenye dhahabu, ilhali samaki wako amepigwa na jua la utosini, mgongo ukimetameta na tumbo likiwa gizani. Mtazamaji hawezi kukutajia kasoro hiyo, lakini jicho lake huiona kabla hajapata nafasi ya kucheka. Kumgeuza samaki kutoka kulia kwenda kushoto husaidia pale tu ambapo mwanga wa picha zote mbili unatoka ubavuni. Jua la utosini haliponi kwa dawa hiyo. Ningekushauri urudi mwaloni jioni umpige picha upya, ukiishusha simu hadi usawa wa samaki, kwa sababu samaki aliyetazamwa kutoka juu hakubali kukaa kwenye maji yaliyotazamwa kutoka pembeni. Usimkaribie mno: ukimkaribia, kichwa hutoka wazi na mkia hufifia, na ufifi huo ndio humwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni kidogo, hata ukikikuza kiasi gani.

Baada ya hapo shughulikia mstari wa maji, maana hapo ndipo picha nyingi za namna hii huharibikia. Usimkate samaki kwa ukingo mkali. Chukua brashi laini, uipunguze nguvu, na ulififishe tumbo polepole kadiri linavyozama, ukiacha mawimbi mawili matatu yapite mbele yake. Kisha nakili leya ya samaki, yaani tabaka la picha alilowekwa, uipindue juu chini, uiweke chini yake, uipunguze uzito na kuitia ukungu kidogo: hicho ndicho kivuli chake majini. Kamba inayomfunga kwenye meli nayo iwe na kivuli. Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma ikiwa vipande vipande na kuunganishwa hapa. Chombo chenye historia kama hiyo kinastahili kuvutwa na samaki aliyetengenezwa kwa uangalifu.

Swali: Je, ni lazima ninunue Photoshop? Kompyuta yangu ni ya zamani. (Msomaji, Kasulu)

Jibu: Si lazima. Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, leo hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha ambayo ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, ni ya bure na ina leya, maski na brashi zote unazohitaji kwa kazi hii. Kompyuta ikilemewa, punguza kwanza ukubwa wa picha zako.

Swali: Shikamoo kaka. Nikishafuta sehemu ya picha kwa kifutio halafu nikabadili mawazo, siwezi kuirudisha. Nifanyeje? (Msomaji, Mwanga)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kiache kifutio, utumie maski. Ukiiongeza maski kwenye leya, kila unapopaka rangi nyeusi picha hujificha, unapopaka nyeupe hurudi, na kijivu huiacha ionekane nusu, hakuna kinachopotea. Hifadhi kazi yako katika mfumo wa XCF wa GIMP, ambao hutunza leya zote, na utoe nakala ya JPEG ya kuwatumia watu pekee. Wengi huhifadhi JPEG tu, na kesho yake hukuta leya zote zimegandamana kuwa moja.

Swali: Mwanangu, wajukuu zangu wamekitia kichwa changu kwenye mwili wa mchezaji wa mpira. Nilicheka sana, lakini sasa picha imefika kwa wanawake ninaouza nao dagaa. Je, hii ni haki? (Bibi, Kibirizi)

Jibu: Shikamoo bibi. Utani wa bibi na mjukuu ni wa halali, na inaonekana wajukuu wako wanaujua vizuri. Walichokosa ni kuuliza kabla picha haijatoka nyumbani, kwa sababu aliyekubali kuchekwa na wajukuu hajakubali kuchekwa na soko zima. Waambie waifute kule walikoituma na wawaombe wengine wafanye hivyo. Nao wafahamu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa hata picha: anayesambaza taarifa anayoijua kuwa ya uongo kwa nia ya kumkashifu au kumtukana mtu, au kuudanganya umma, anatenda kosa. Utani wa nyumbani hauko huko, ila picha ikishatoka mikononi mwako huwezi kuchagua atakayeitumia kesho.

Swali: Nataka kujiweka kati ya Stanley na Livingstone walipokutana Ujiji, nikiwapiga picha kwa simu. Inawezekana? (Msomaji, Uvinza)

Jibu: Inawezekana, na ni wazo lililonichekesha kuliko yote. Zingatia kwamba mkutano ule wa mwaka 1871 tunauona kwa michoro ya kuchapwa, si kwa picha ya kamera, kwa hiyo ukijibandika na rangi zako utaonekana umetoka mahali pengine kabisa. Ondoa rangi, ongeza tofauti ya weusi na weupe hadi kijivu karibu kiishe, kisha uchore mistari myembamba juu ya nguo zako, ukifuata mwelekeo wa mistari ya mchoro wenyewe. Simu nayo ipitie hatua zizo hizo; isiachwe iking'aa. Na usisahau kuvua kofia, kwa sababu Stanley anavua yake, na wewe ukibaki na yako utaonekana umekosa adabu mbele ya wageni.