Tiketi imeandikwa 00:40. Niende uwanjani siku gani?

Kabla sijaanza kujibu barua katika ukurasa huu, nilisimama nyuma ya kaunta ya kupokea abiria kwa miaka 14. Safari hii nimechagua barua tatu, zote za watu wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza. Naanza na iliyonishtua, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaelekea kuachwa na ndege na hajui.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimepata nafasi ya kusoma nje na tiketi nimeshatumiwa. Sijawahi kupanda ndege wala kukanyaga uwanja wa ndege. Tiketi inasema tarehe 15, saa 00:40. Nimepanga kutoka nyumbani tarehe 15 baada ya kula chakula cha jioni. Naomba unieleze nitakutana na nini huko, nisije nikaaibika mbele za watu. Nitabadilisha ndege mara moja njiani. – Mwanafunzi mtarajiwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Lakini huo mpango wa kutoka tarehe 15 jioni uufute leo hii. Jioni hiyo ndege yako itakuwa imeshaondoka tangu usiku uliopita, na pengine imeshatua.

Tiketi za ndege zinafuata saa 24, na tarehe inageuka saa sita kamili usiku. Kwa hiyo 00:40 ya tarehe 15 ni saa sita na dakika arobaini ya usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 14. Wewe uwe uwanjani tarehe 14, saa tatu na nusu usiku. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri, kuna mtego mwingine: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja jioni. Chukua karatasi, andika saa ya tiketi, na mbele yake saa tunavyoitaja sisi, pamoja na jina la siku. Kisha mpe mtu mwingine ahesabu upya bila kumwonyesha jibu lako. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka. Saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Usizitoe moja kwa nyingine ukadhani umepata urefu wa safari.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya baba mmoja aliyefika kwenye kaunta yangu jioni, suti imenyooka, mkewe na watoto wakiwa nyuma na masanduku matatu. Nilimwekea ncha ya kalamu kwenye tarehe. Akaisoma. Akaisoma tena. Halafu akageuka kumtazama mkewe bila kusema neno, na mimi nikakosa la kuwaambia. Ndege yao ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Tiketi nne.

Sasa tuingie uwanjani. Viwanja vingine mlangoni kabisa utaombwa pasipoti na tiketi, basi viwe mkononi, visiwe chini ya nguo. Ndani utaona ubao mkubwa wa safari. Usitafute jina la mji peke yake, maana ndege mbili zinaweza kwenda mji mmoja kwa saa zinazokaribiana. Tafuta namba ya safari iliyo kwenye tiketi yako, zile herufi mbili na tarakimu zake. Mbele yake utaona namba ya kaunta.

Kaunta ndiyo penye kazi. Kwa safari za nje, mashirika mengi hufunga kaunta saa nzima kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa hata ulie haifunguki, kwa sababu hesabu ya abiria na uzito imeshapelekwa. Ndiyo maana tunasema ufike saa tatu nzima kabla ya ndege kuondoka. Mhudumu atalinganisha jina la kwenye tiketi na la kwenye pasipoti. Wewe lilinganishe leo. Herufi moja ikiwa imekosewa, lipigie simu shirika lako mapema. Kurekebisha kwa simu ni rahisi kuliko kurekebisha ukiwa na foleni mgongoni. Atatazama viza, na atatazama pasipoti inaisha lini, maana nchi nyingi zinataka iwe hai kwa miezi sita zaidi. Kama unakokwenda wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, jua kwamba cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usichanje wiki ya safari. Kama ulishachanjwa zamani, kadi yako bado inafaa: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Kisha mizani. Kiwango chako kimeandikwa kwenye tiketi. Mara nyingi ni kilo 23 kwa begi. Mashirika mengi hayapokei begi moja lililozidi kilo 32 hata ukilipia, kwa sababu kuna binadamu atakayeliinua kwa mgongo wake. Lipime nyumbani: simama kwenye mizani umelibeba, kisha simama bila kulibeba, utoe hesabu. Nimewaona akina mama wa heshima zao wakipiga magoti sakafuni, sanduku wazi, nguo za ndani zikihamishwa kutoka begi hili kwenda lile mbele ya foleni nzima. Sikupenda kabisa kuwaona hivyo, na mizani ya nyumbani ingewaepusha.

Begi likishapita, litafungwa lebo ndefu. Kabla halijaondoka kwenye mkanda, soma herufi tatu kubwa zilizo juu yake: ndizo alama ya uwanja linakokwenda. Muulize mhudumu, "Begi langu linafika mwisho wa safari, au nalichukua katikati?" Wewe unayebadilisha ndege lazima ulijue hili. Mara nyingi linafika lenyewe. Lakini anayeingia Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hulichukua begi uwanja wa kwanza anaotua, analipitisha forodhani, kisha analikabidhi tena. Utapewa pia kipande kidogo cha lebo chenye namba. Usikitupe. Begi lisipotokea, kipande hicho ndicho cha kuonyesha kwenye ofisi ya mizigo palepale ukumbini, kabla hujatoka nje, nao wakujazie fomu. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaofuatwa na nchi nyingi, unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama begi limeharibika, na siku 21 kama limecheleweshwa.

Barua ya chuo, vyeti halisi, dawa, fedha na nguo za kubadilisha mara moja, vyote viwe kwenye begi la mkononi. Ofisa wa uhamiaji huko uendako atataka kuiona hiyo barua, na begi kubwa hutalipata mpaka umeshampita yeye.

Mwishoni mwa kaunta unapewa kadi ya kupandia ndege. Watu wengi hutazama saa ya kuondoka wakastarehe. Ya kutazama ni saa ya kuanza kupanda, na namba ya geti, yaani mlango wa kupandia ndege yako. Geti hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuondoka, na ukiwa chooni au dukani wakati huo, umeachwa.

Baada ya hapo ni uhamiaji, pasipoti inagongwa muhuri au inapitishwa kwenye mashine, na ukaguzi wa usalama. Utaweka begi kwenye trei: toa kompyuta, toa simu, vua mkanda, na wakikwambia uvue viatu vua. Maji na mafuta ndiyo yanayowaliza wengi. Tangu Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipovunja njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji, dunia nzima ilibana. Kanuni ya kawaida ni chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 250 yenye mafuta ya kupaka robo tu itatupwa. Viwanja kadhaa vyenye mashine mpya vimelegeza, lakini wewe unapita viwanja viwili, basi fuata kanuni kali. Kisu, mkasi wenye ncha na wembe viende kwenye begi kubwa. Pawabenki ni kinyume chake: isiende chini kamwe, ibebe mkononi, kwa sababu betri hizo zikishika moto lazima pawe na mtu wa kuuona na kuuzima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 (Wh), kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza. Ile iliyoandikwa mAh 20,000 huwa karibu wati-saa 74, kwa hiyo haina tatizo.

Mashine ikilia ukipita, hujashtakiwa. Ni kifungo cha nguo au sarafu. Utapapaswa na ofisa wa jinsia yako, na una haki ya kuomba mfanyike hivyo faragha.

Umesema unaogopa kuaibika. Mwanangu, hilo ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako. Kuna kijana alikaa kwenye geti akiwa na kadi mkononi, mnyoofu, kimya, akisubiri ndege yake. Geti lilikuwa limebadilishwa na tangazo lilisomwa kwa lugha asiyoielewa. Aliona watu wamepungua, akaona ndege nyingine imekuja, akaendelea kukaa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuuliza, alisema hakutaka waone kwamba ni mara yake ya kwanza. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile sikuwahi kumdharau abiria aliyeniambia, "Hii ni safari yangu ya kwanza, nisaidie." Nilimchorea njia nyuma ya karatasi. Iseme sentensi hiyo kwenye kaunta, iseme tena getini, na ukishuka uwanja wa katikati mwonyeshe mfanyakazi wa kwanza utakayemwona kadi yako ya ndege ya pili. Hapo fuata alama za wanaounganisha safari, usifuate umati unaotoka nje.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 71 na anasafiri peke yake kuja kumwona mjukuu. Miguu inamsumbua, ana kisukari, na hasomi lugha za kigeni. Nimwache asafiri kweli? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba. Mwache asafiri, ila asitembee peke yake. Lipigie simu shirika la ndege angalau saa 48 kabla, uombe kiti cha magurudumu kutoka kaunta hadi mlango wa ndege, na vilevile kule anakotua. Kwa kawaida huduma hiyo hailipiwi. Wazee wengi hukataa wakidhani ni ya walemavu tu. Mwambie mama kwamba anayesukuma kile kiti anazijua njia zote, anajua foleni za kupita, na hatamwacha mpaka amkabidhi kwa mwenzake. Kwa asiyesoma mabango, huyo ndiye macho yake.

Insulini aibebe mkononi, pamoja na barua ya daktari. Huko chini ya ndege inaweza kuganda kwa baridi, na ikiganda haifai tena. Dawa za maji hazifungwi na ile mililita 100, ila azionyeshe mwenyewe kabla ya mashine. Mwandikie karatasi moja kwa lugha ya huko aendako: jina lake, namba ya safari, anakwenda kwa nani, anuani na simu yako, anakaa siku ngapi, tarehe ya kurudi. Ofisa wa uhamiaji atauliza hayo hayo. Aivae shingoni ndani ya kimfuko, asiitie kwenye pochi ambayo ataifungua mara kumi.

Na hili mwambie kwa sauti ya ukali kidogo: asibebe mzigo wa mtu. Hata wa kijana mwenye adabu anayemwita bibi. Hata kushika kidogo. Kwenye kaunta ataulizwa kama begi amelifunga mwenyewe, na kitakachokutwa ndani ni chake.

SWALI: Dada, habari za kazi. Nasafiri na mtoto wa miezi minane. Maziwa yake nitanyang'anywa? Na kigari chake?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Maziwa ya mtoto hayahesabiwi kwenye mililita 100; beba ya kutosha safari pamoja na ya akiba ndege ikichelewa, na useme unayo kabla ya kukaguliwa. Wanaweza kuipima chupa, usishtuke. Utamtoa mtoto kwenye kigari, naye atapita mikononi mwako. Mnyonyeshe ndege inapopaa, na zaidi inapoanza kushuka, hata kama itabidi umwamshe: kumeza ndiko kunakofungua masikio. Kigari mashirika mengi hukuruhusu kukisukuma hadi mlango wa ndege. Ombeni lebo yake kwenye kaunta, na uulize palepale utakipokea mlangoni mkishuka au kwenye mkanda wa mizigo, maana inatofautiana uwanja kwa uwanja. Kama ni kwenye mkanda, weka kitambaa cha kumbebea mgongoni juu kabisa ya begi la mkononi.