Jibu: Mlio wa "tak tak" upande wa juu wa injini ya pikipiki

Ndugu, usikubali kufungua injini kwa sababu tu fundi kasema "ni pistoni". Umesema mlio unatoka juu, unafuata mafuta ukivuta hata pikipiki ikiwa imesimama, na haupotei injini ikipata moto. Basi cheni ya nje, spoketi na beringi za magurudumu hazihusiki. Hizo hulia pikipiki ikitembea. Pistoni iliyolegea nayo kwa kawaida hugonga zaidi asubuhi, kisha hupungua ikitanuka kwa joto.

Kwanza angalia oili. Ikiwa chini, usiiwashe tena mpaka uongeze.

Halafu chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye kifuniko cha valvu, mpini uubane sikioni (chunga egzosi na nguo zisizobana). Mlio mwembamba, wa mpigo sawasawa, mara nyingi ni tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu) zilizolegea. Nafasi hiyo ipimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi kabisa, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, si cha kukisia. Na usizikaze tapeti kupita kiasi ili kuua kelele: valvu isiyofunga vizuri huungua, na haitakupigia kelele kukuonya.

Ukisikia mkwaruzo wa mnyororo pembeni mwa silinda, hasa ukiachia mafuta, shuku cheni ya taiming (cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu) au tenshena yake, yaani kikazo cha cheni hiyo. Hiyo usiicheleweshe.

Kagua pia gasketi ya egzosi pale egzosi inapoungana na hedi (kichwa cha silinda). Ikivuja hutoa mlio unaofanana sana na tapeti, na wengi wamefunguliwa injini bure kwa hilo.

Mwisho nijibu hili: ukibana klachi, mlio unabadilika?